Rock ya Zambia, bangi na ujana wetu Mbeya enzi TAZARA ikiwa mpya. Waliokuwepo njooni tukumbushane

#1 Mleta uzi

Habari za jioni wakuu. Wakubwa shikamooni.

Juzi nimepita sehemu nikakuta vijana wanabishana kama Tanzania iliwahi kuwa na watu wa rock. Wengi wakakata shauri kwamba ule ni muziki wa wazungu na wavuta bangi, mjadala ukafungwa. Nimezaliwa Rungwe mwaka 1959, nimekulia Mbeya mjini, na ujana wangu ulipita katikati kabisa ya hivyo vitu viwili. Naandika kwa sababu wengi niliokuwa nao wameshatangulia, na sisi tuliobaki tukikutana msibani tunaongelea mvua na bei ya mbolea tu.

Ili uelewe habari hii lazima ujue Mbeya ya wakati ule ilikuwa inaangalia wapi. Dar es Salaam ilikuwa zaidi ya kilomita 800. Tunduma ni mia moja na ushee, ukivuka pale uko Nakonde, Zambia, kwa Wanyamwanga walewale wa upande wetu. Baba zetu wadogo walishafanya kazi kwenye migodi ya shaba Kopabelti, wengine walipitia Wenela, wakala wa kuajiri vibarua wa migodi, mpaka Afrika Kusini kabla Serikali haijasitisha safari zile. Walirudi na baiskeli, makoti mazito, gramafoni na santuri. Halafu ikaja reli. TAZARA ilikabidhiwa rasmi Julai 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, na tangu hapo Lusaka ikawa jirani. Kijana wa reli wiki hii yuko Mpika, wiki ijayo yuko Mbeya, na kwenye begi lake kuna kaseti.

Zambia ya miaka ile ilikuwa inawaka kimuziki. Vijana wa Kitwe na Lusaka walikua wakisikiliza Hendrix, Rolling Stones na Deep Purple, magwiji wa rock wa Marekani na Uingereza. Rais Kaunda alipotaka redio ya nchi ipige asilimia 95 ya muziki wa nyumbani, ikabidi watengeneze wa kwao. Shaba ilikuwa bado inalipa, hela ya kununua magitaa ya umeme ilikuwepo. Ndipo wakatokea WITCH, Amanaz, Musi-O-Tunya, Ngozi Family na wengine. Waliimba Kiingereza, Kibemba na Kinyanja, na gitaa lao lilikuwa linakoroma. Sijui nilieleze vipi kwa mtu ambaye hajalisikia. Noti haikatiki, inavutika na kukwaruza mpaka unahisi meno yanaingia ganzi, huku ngoma chini yake ni ngoma ya kwetu kabisa, ya kuchezeka.

Mwimbaji wa WITCH, Emmanuel Chanda, alijiita Jagari kwa kumfuata Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones. Kwetu Mbeya kulikuwa na Jagari kila mtaa. Soweto yupo, Sisimba yupo, Iyunga yupo.

Sasa bangi. Naona watu wanadhani ililetwa na rock. Bangi ilikuwepo nyanda hizi kabla sijazaliwa mimi wala gitaa la umeme. Wazee walikuwa wakiivuta kwa kiko cha maji, ililimwa katikati ya mahindi milimani, na nyingine ilivuka kutoka Malawi. Kilichobadilika miaka ya 1970 ni nani anavuta na kwa nini. Mzee alikuwa anavuta akitoka shamba. Sisi tulivuta kwa sababu tulisikia kwamba wanaopiga gitaa lile wanavuta. Tulikuwa tunakwenda kwenye miti chini ya mlima Loleza, Juni na Julai baridi inakata masikio, msokoto wa karatasi ya gazeti unazunguka, redio katikati.

Ninachotaka kusema ni kwamba muziki na bangi vilitukuta wakati mmoja tukaambiwa ni kitu kimoja. Wazazi walisema hivyo, walimu walisema hivyo, na sisi wenyewe tukaamini. Imani hiyo ilimgharimu mwenzetu mmoja maisha yake ya akili, nitaeleza. Naendelea kidogo kidogo, vidole vyangu havina kasi yenu.

#2 Mdau wa Sai

Shikamoo mzee wangu. Naweka kituo hapa, sitoki. Mimi ni mzaliwa wa 1998, nimekulia hapa hapa Mbeya na sijawahi kuambiwa habari hizi hata na babu yangu ambaye alikuwa reli. Swali: hizo kaseti mlikuwa mnazipigia wapi kama umeme haukuwepo? Na mlikuwa na bendi kabisa au mlikuwa wasikilizaji tu?

#3 Mleta uzi

Marahaba mwanangu. Umeuliza mahali penyewe.

Nyumbani kwetu umeme haukuwepo. Redio ilikula mawe makubwa ya National, manne kwa mpigo, na mawe yalikuwa ghali. Yakianza kuchoka, sauti inakuwa nzito na mwimbaji anaimba polepole, unajua sasa bado nyimbo mbili hivi. Unayatoa, unayaanika juu ya bati toka asubuhi, jioni yanakupa nusu saa nyingine. Baada ya vita vya Kagera mambo yalipokuwa magumu na madukani hamna kitu, kuna waliotoboa jiwe kwa msumari na kudondoshea maji ya chumvi. Linafanya kazi kidogo kisha linavuja na kula chuma cha redio. Redio nyingi za mtaa wetu ziliharibikia hapo.

Kaseti ilikuwa inarekodiwa kutoka kaseti, ambayo nayo ilirekodiwa kutoka kaseti. Ikifika mkono wa nne, waimbaji wamezama, gitaa limekuwa upepo, imebaki besi na ngoma. Kwa hiyo sisi wa Mbeya tulijifunza rock kuanzia besi kwenda juu. Utepe ukikatika unaunganisha kwa selotepu, unapunguza pembeni kwa wembe, na pale palipounganishwa wimbo unaruka neno. Mpaka leo nikisikia rekodi safi za nyimbo zile nashangaa kukuta kuna neno pale.

Redio ya Lusaka ilikuwa inaingia usiku kwa masafa mafupi. Inakuja na kuondoka, mtu mmoja kazi yake ni kushika waya wa antena na kusimama palepale asitingishike.

Bendi, ndiyo, tulikuwa nayo. Mwalimu wetu wa kweli alikuwa kanisa. Wamoravian wako Rungwe tangu 1891, na matarumbeta na kwaya zao zimefundisha watu wa huku kusikia sauti nne kwa wakati mmoja. Mpiga solo wetu alitoka kwenye matarumbeta. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe, nalikumbuka kila kipande. Mwili ni galoni la bati la mafuta ya kula. Shingo ni mbao ya paini, kaichonga kwa kisu na kuipiga msasa kwa kipande cha chupa. Nyuzi zilitoka kwenye waya wa breki ya baiskeli. Waya ule ukiufungua una nyuzi nyembamba ndani yake, unazitenganisha moja moja, nyembamba kwa sauti ya juu, mbili ukizisokota pamoja unapata ya chini. Zinakata vidole vibaya sana. Ndani ya galoni alifunga kipande cha kusikilizia cha simu mbovu, akavuta waya mpaka kwenye redio ya mbao ya Philips ya baba yake, na redio ikawa spika.

Spika ile ilikuwa imepasuka, imezibwa kwa karatasi na gundi ya unga. Alipopiga kwa nguvu, karatasi ikatetemeka na gitaa likakoroma. Tukatazamana. Wenzetu wa Lusaka walikuwa na kifaa cha kukanyaga kwa mguu cha kutoa sauti ile. Yeye aliipata kwa spika mbovu.

Na sikilizeni hili: mpiga solo hakuwahi kuvuta bangi. Sigara hakuvuta, pombe hakunywa. Alikuwa anakwenda ibada Jumapili asubuhi, na Jumamosi usiku alikuwa anapiga gitaa mpaka watu wazima wanapanda juu ya viti. Wageni walikuwa wanamwangalia wanasema "huyu kavuta si mchezo". Tukawaacha waamini.

#4 Mdau wa Kihesa, Iringa

Kamwene wakuu. Kamwene mzee mleta uzi, nadhani tumepishana mwaka mmoja au miwili.

Iringa hatukuwa karibu na Zambia kama nyie, kwetu rock iliingia kwa njia ya shule. Shule za bweni zilichukua wanafunzi kutoka nchi nzima. Wa Dar walikuja na habari za bendi za kule, hasa Sunburst waliokuwa wanapiga rock yenye Kiswahili na ngoma za kwetu, na wa Mbeya walikuja na kaseti za Lusaka. Bwenini usiku tunapanga nani aazime redio. Kuna mwalimu mmoja wa shule yetu, siitaji, alipekua vitanda akakuta misokoto miwili na kaseti kumi na kitu. Msokoto alimpa mkuu wa shule. Kaseti alizikanyaga mstarini mbele yetu, moja moja, utepe ukapeperuka mpaka kwenye uzio. Waliofukuzwa siku ile walikuwa watatu, mmoja wao hakuwa mvutaji, alikuwa na kaseti tu.

Hilo la kuchanganya vitu viwili analosema mzee nimeliona kwa macho.

Halafu Iringa kilevi chenyewe ni ulanzi. Msimu wa mvua mianzi inagemwa, kila njia ya kutoka mjini kuna mama na ndoo. Ulanzi wa jana ni mtamu, wa juzi unakulaza mtaroni. Komoni nayo ipo mwaka mzima. Nimezika rafiki zangu wengi zaidi kwa pombe kuliko kwa bangi, na hakuna aliyewahi kusema kwamba ni kosa la muziki wa dansi.

Ninayo kaseti moja ya mwaka 1978, tulirekodi dansi la kufunga shule. Bendi ilikuwa ya wanafunzi, wapigaji wawili ni wa Mbeya. Sijaipiga miaka mingi, naogopa itakatika.

#5 Mdau wa Forest

Mzee heshima kwako lakini naona unaisingizia bangi. Bangi ni mmea tu, umeota wenyewe. Hendrix angepiga vile bila kuvuta? Marley je? Leo nchi kibao zimeruhusu, sisi tunakamatana. Waliochanganyikiwa walikuwa na lao tangu zamani.

#6 Mleta uzi

Mdau wa Forest, nakujibu kwa heshima ileile.

Hendrix alifariki London tarehe 18 Septemba 1970, ana miaka 27, baada ya kumeza vidonge vya usingizi na kukabwa na matapishi. Janis Joplin, mwimbaji wa rock wa Marekani, alifuata Oktoba 4 mwaka uleule, heroini. Hawa niliwapenda na bado nawapenda. Hendrix alikuwa anashika gitaa tangu kijana mdogo, alipiga nyuma ya waimbaji wengine miaka kadhaa kabla dunia haijamjua, kila usiku, mji kwa mji. Kazi ile ndiyo iliyomfanya Hendrix. Vidonge ndivyo vilivyommaliza.

Kwa Marley ni tofauti, ile ilikuwa dini yake, siwezi kuidharau. Lakini angalia kilichotokea hapa kwetu. Baada ya yeye kupiga kwenye uhuru wa Zimbabwe Aprili 1980, rock yetu ikapotea mitaani ndani ya muda mfupi, reggae ikachukua nafasi, na kijana aliyetaka kuonekana mtu wa muziki akaanza na msokoto kabla ya gitaa. Nimewaona. Wengi gitaa hawakulifikia.

Sasa kuhusu "walikuwa na lao tangu zamani". Hapo umesema kitu cha kweli, na ndicho kinachonifanya niandike.

Mpiga besi wetu alianza kuvuta akiwa darasa la saba. Wakati wengine tunavuta mwisho wa wiki, yeye ilikuwa asubuhi kabla ya shule, mchana, na kabla ya kulala. Alikuwa kijana mpole, mcheshi, ana mkono mzito kwenye besi usiopotea njia hata ngoma ikikosea. Mwaka 1979 akaanza kuniambia kwamba mtangazaji wa redio anamtaja. Nikacheka, nikidhani ni stimu za bangi. Baada ya wiki kadhaa akawa hacheki na mimi. Alisema kuna watu ndani ya spika iliyopasuka, wanapanga naye mambo. Usiku mmoja wa baridi alitembea peku kutoka Soweto mpaka Mbalizi, asubuhi akakutwa amekaa kituo cha basi, miguu imepasuka, anaongea na mtu asiyekuwepo.

Mama yake aliniambia baadaye kwamba kaka yake yeye, mjomba wa huyu kijana, aliugua hivyohivyo akiwa na miaka ishirini, na yule hakuwahi kuvuta chochote. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa kwenye damu ya ukoo. Madaktari wa akili wanasema wazi siku hizi: mwenye ndugu aliyeugua, akianza bangi akiwa mdogo, akavuta kila siku, na bangi yenyewe ikiwa kali, hatari ya kuugua inapanda sana. Wengine mia watavuta na hawatapata hivyo. Tatizo ni kwamba ukiwa na miaka kumi na minne hujui wewe ni yupi, na nyumbani hawakuambii kwamba mjomba aliugua, kwa sababu ni aibu.

Kilichofanyika ni hiki. Baba yake alikusanya kaseti, santuri na gitaa la besi, akavichoma uwanjani. Alisema ni muziki wa shetani. Kisha wakaenda kwa mganga, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwaka ukaisha. Wakamfunga kamba ndani. Mwaka wa pili ukaisha. Hakuna aliyesema neno "hospitali". Kila mtu alikuwa ameshapata mkosaji, ni rock na bangi, basi, na ukishapata mkosaji huoni haja ya kutafuta dawa.

Alifika hospitali kwa sababu ya muuguzi mmoja, mama wa kanisani, aliyemwona akiwa na vidonda vya kamba. Alipewa dawa, baadaye sindano ya kila mwezi. Sauti zilipungua. Alilima viazi Uyole miaka mingi, kuoa hakuoa, akaishi kwa dada yake. Besi hakushika tena. Nilimpelekea redio siku moja nikaweka kaseti ya WITCH. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyanyua kidole pale ambapo besi inaingia, kila mara, bila kukosea.

Mdau, siombi akamatwe mtu. Vijana wengi wameharibiwa na lokapu kuliko walivyoharibiwa na msokoto. Naomba tusiwadanganye kwamba ni mmea tu, na tusiwadanganye kwamba ni shetani.

#7 Mama wa Uyole

Nimesoma mpaka hapa nimelia. Huyo mpiga besi nadhani namfahamu, alikuwa anapita na toroli ya viazi, anasalimia kila mtu "ugonile".

Mmezungumza kama vile wasichana hatukuwepo. Tulikuwepo. Jumamosi mchana kulikuwa na bugi, yaani dansi la mchana, ukumbini, tunaruhusiwa mpaka saa kumi na mbili. Kaka zetu suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, nywele zimechanwa afro. Sisi ilibidi tuwe waangalifu zaidi. Dada yangu mkubwa aliyaona yale ya Operesheni Vijana ya mwaka 1969, vijana wa TANU wanasaka sketi fupi na suruali za kubana, kwa hiyo mama alikuwa anatupima sketi mlangoni kwa mkono. Lakini tulicheza. Rock ya Zambia inachezeka, nyie mmeiandika kama ni ya kukaa na kuwaza.

Bangi wasichana wengi hatukuvuta. Kazi yetu ilikuwa kunusa mashati ya kaka kabla mama hajafua. Nilikuwa naloweka la kaka yangu peke yake, na sabuni ya mche, na majani ya mkaratusi.

Kaka huyo alikwenda Kitwe mwaka 1981 kutafuta kazi. Shaba ilikuwa imeshaanguka bei tangu katikati ya miaka ya 70, kazi hakuna, na bendi zilikuwa zinavunjika. Alirudi na Mandrax. Wengi hapa hamjui Mandrax. Vilikuwa vidonge vya usingizi, vinatoka India, soko lake kubwa Afrika Kusini, vinapita nchi zetu hizi. Wanasaga, wanachanganya na bangi, wanavuta kwenye shingo ya chupa. Mtu anakaa, kichwa kinaangukia kifuani, mate yanatoka, dakika chache kama mfu. Baba alidhani ni bangi ileile ya siku zote, akawa anachapa. Hatukujua kwamba ukizoea kile kidonge halafu ukakikosa ghafla unaweza kupata degedege. Tulimfungia chumbani ili aache. Alifia humo, mwaka 1984.

Mama yangu amefariki akiwa anasema ni magitaa. Nami nakubaliana na mzee. Kama tungejua ni kitu gani kile, tungempeleka hospitali tukasema ukweli.

#8 Mdau wa Mwanjelwa

Wazee wangu shikamooni wote. Pole sana mama. Samahani natoka kidogo nje ya muziki. Nina mdogo wangu ana miaka 23. Alianza bangi, sasa anachanganya na unga, akikosa anatetemeka, anatapika, anaiba vitu vya ndani. Nimesikia kuna methadoni hapa Mbeya. Inafanya kazi? Na bangi nayo inatibiwa na hiyo hiyo?

#9 Mleta uzi

Mama wa Uyole, pole dada yangu. Ndaga, yaani asante, kwa kuandika. Na kweli, rock ile tuliicheza, nimekosea kuiweka chini ya miti peke yake.

Mwanangu wa Mwanjelwa, hujatoka nje ya mada. Nakwambia ninachokijua kwa kuwa nimempeleka mtoto wa ndugu yangu.

Methadoni ni kwa ajili ya waliozoea heroini, huo unga. Nchini ilianzia Muhimbili mwaka 2011, na hapa kwetu kliniki ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Ni dawa ya maji, anainywa mbele ya muuguzi kila siku, hapewi ya kubeba mwanzoni. Inazima ule mtetemo na kutapika, arosto kama wanavyoita wenyewe, na inamwondolea ile kazi ya kuamka na kutafuta hela ya kete. Si ya wiki moja. Ni miezi mingi, kwa wengine miaka, na atakayeacha njiani mara nyingi anarudi kwenye unga. Wapo niliowaona wamerudi kazini, mmoja anaendesha bajaji Kabwe.

Bangi haina methadoni. Bangi inaachwa kwa ushauri, kwa kubadilisha watu anaokaa nao, na kwa muda. Ila ukiona anasikia sauti, anadhani anafuatwa, halali siku mbili tatu, huo ni ugonjwa wa akili, mpeleke kitengo cha afya ya akili hospitali hiyohiyo. Usimfunge kamba. Usimfungie ndani ili aache ghafla, umesoma alichoandika mama hapo juu. Nenda naye wewe mwenyewe, asubuhi, kabla hajatoka, na ukifika uwaambie wahudumu kila anachotumia. Usiwafiche hata kimoja. Na waulize wazazi kama kuna aliyewahi kuugua kwenye ukoo. Watakasirika, uliza hivyohivyo.

Nirudi kwenye muziki nimalizie nilichoahidi.

Bendi za Zambia ziliisha mapema miaka ya 80. Shaba ilianguka, vita vya ukombozi vya nchi jirani vilifanya usiku kuwa wa hatari kule, watu wakahamia disko, halafu ukaja UKIMWI ukachukua karibu kizazi kizima cha wapigaji. Paul Ngozi, kiongozi wa Ngozi Family, alifariki 1989. Katika kikosi cha kwanza cha WITCH amebaki Jagari, na miaka mingi alikuwa mchimbaji wa vito vya thamani, watu wanampita bila kumjua. Wageni walipoanza kuzitoa tena rekodi zile, akarudi jukwaani akiwa mzee, amezunguka Ulaya na Marekani, na 2023 WITCH wametoa albamu mpya. Vijana wenye miaka ishirini wanaimba naye. Yote ipo mtandaoni, mdau wa Sai tafuta WITCH, kisha Amanaz, kisha Ngozi Family. Uanze na spika nzuri, simu inakata besi yote.

Za kwetu ndizo hazipo. Bendi za ukumbini Mbeya, za shule Iringa, za Njombe, hakuna studio iliyozirekodi. Kilichobaki ni kaseti kwenye masanduku ya watu, na masanduku hayo yanatupwa kila mzee anapofariki.

Mdau wa Kihesa, hiyo ya 1978 usiipige kwenye redio yoyote. Utepe wa umri huo unaweza kunata au kukatika, na redio mbovu itaula. Kuna kijana Mafiati anahamisha kaseti kwenda kwenye kompyuta, na anajua kubadilisha kasha. Nitumie ujumbe pembeni. Jumamosi hii napanda basi la asubuhi kuja Iringa kwenye kipaimara cha mjukuu, nitaipitia na kuirudisha mwenyewe mkononi. Na majina ya wapigaji wale wawili wa Mbeya yaandike kwenye karatasi kabla hujayasahau, nadhani mmoja ni mpiga solo wetu.